Nilitia Saini Mikataba Mia Mbili na Kumi Bila Kuusoma Hata Mmoja

Fundi aliingia chini ya mashine yake ya randa, akajizungushia mnyororo kiunoni, akaupitisha kwenye mguu wa chuma wa ile mashine, akabana kufuli.

Kisha akatutazama, akatia ufunguo mdomoni, akaumeza.

Ulimsumbua kidogo. Macho yakamtoka, akakohoa, akajipiga kifua mara mbili. Ukashuka.

"Haya," akasema. "Chukueni."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, karakana imejaa vumbi la mbao. Sisi tulikuwa tumekuja kuchukua ile mashine kwa ajili ya deni. Mimi, mwenzangu tuliyemwita Kreni, na vibarua wawili wa kunyanyua.

Kreni akampigia Bosi simu, akaiweka sauti ya nje.

"Kameza nini?" Bosi akauliza.

"Ufunguo."

"Basi leteni mashine na yeye mwenyewe."

Nimekaa na kisa hiki miaka mitatu. Najua wapo watakaonitukana kwenye maoni, na watakuwa na haki. Ninachoomba ni msome mpaka mwisho ndipo mtukane.

Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliacha darasa la tatu, mwaka aliofariki baba. Mpaka nafikisha miaka arobaini na nne nilikuwa mtu wa dole gumba. Benki dole, hospitali dole. Karani anakusogezea kidau cha wino, halafu anakupa kikaratasi ujifute kama mtoto aliyemaliza kula.

Siku moja binti yangu wa mwisho alileta ripoti ya shule mzazi atie saini. Nikabonyeza dole.

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaificha katikati ya daftari ili wenzake wasiione.

Wiki ile ile nikajiandikisha madarasa ya jioni.

Tulikuwa watu wazima kumi na saba, tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja aliyestaafu kazi ya ukarani mahakamani. Mkali, miwani imefungwa na uzi. Kitu cha kwanza alichotufundisha kwa makini kilikuwa kuandika jina na kutia saini.

Nilijaza daftari zima. Msinicheke, niliiombea ile saini. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamshukuru Mungu kwa mkunjo ule wa mwisho unaorudi nyuma na kupiga mstari chini ya jina.

Mchana nilikuwa na kazi nyingine.

Bosi alikuwa anakopesha pesa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki: meza, feni inayolalamika, viti vitano vya plastiki, na kabati la chuma lenye droo nne. Droo ya kwanza ilikuwa na vitambulisho vya wateja. Ya pili kadi zao za benki, kila moja imefungwa kwa mpira pamoja na kikaratasi chenye namba ya siri.

Ukikopa mia, unapewa themanini. Ishirini inaitwa ya fomu. Mwisho wa mwezi unarudisha mia na hamsini. Ukichelewa siku moja, hesabu inaanza upya kama vile hujawahi kulipa kitu.

Bosi hakuwa na sauti kubwa. Kila mteja alimwita shemeji. "Karibu shemeji, kaa shemeji, tutakusaidia shemeji." Na ukishindwa kulipa anatuma watu kwako, anawaambia, "Nendeni kwa shemeji mkamsalimie."

Salamu zenyewe zilikuwa mimi na Kreni.

Nimemwona Kreni akimbana mshona nguo vidole kwenye mlango wa duka lake, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Nimeshika miguu ya muuza mayai huku Kreni akimtandika kwa waya wa umeme, na yule mtu alikuwa ananiita mimi mjomba. "Mjomba, nisaidie. Mjomba." Sikumsaidia. Nilibana zaidi kwa sababu alikuwa anarusha mateke.

Jioni napita bombani, nanawa mikono, naingia darasani. Alfajiri nasali. Sikuona mgongano wowote. Nilijiambia mimi ni mbebaji tu, na mbebaji hana dhambi.

Halafu ikaja sheria mpya ya wakopeshaji.

Mtaa wa pili kulikuwa na jamaa mwenye biashara kama yetu. Akabebwa mchana kweupe, akafungwa. Bosi alikosa usingizi siku mbili. Siku ya tatu akaita wakili.

Wakili alikuja na mkoba uliochanika pembeni. Alisoma mkataba mmoja, akausoma tena, akavua miwani.

"Hapa hamna mkopo," akasema. "Hapa umeandika mauziano. Mtu amekukopa pesa, wewe umeandika amekuuzia mashine."

"Ndiyo inavyokuwa rahisi," Bosi akasema. "Akishindwa, mali ni yangu tangu zamani. Wewe nipunguzie hatari tu. Ndiyo kazi yako."

"Sawa. Leseni iko wapi?"

"Iko njiani."

"Isubiri ifike ndipo ukopeshe. Kwenye mkataba andika ni mkopo, na riba uiandike kwa tarakimu na kwa maneno. Msomee mtu kabla hajasaini. Mpe nakala aende nayo nyumbani, alale nayo, mke wake aione. Hizi kadi na vitambulisho rudisha leo hii. Na ukitaka mali ya mtu, nenda mahakamani uombe amri. Hawa mabwana wawili," akatunyooshea kalamu mimi na Kreni, "wasiguse hata kijiko cha mtu."

Bosi akacheka mpaka akakohoa.

"Nimekulipa unioneshe njia ya kupita, wewe unanionesha njia ya kufunga duka."

"Nimekuonesha njia ya kulala kwako."

"Hakuna ya mkato?"

"Ipo," wakili akasema huku anafunga mkoba. "Inaishia gerezani."

Akaondoka. Bosi akaukunja ule mkataba. Kisha akanigeukia.

"Mwanafunzi. Nasikia siku hizi unajua kutia saini."

Nikasema ndiyo, Bosi.

"Hebu tuone."

Nikaonesha. Akainyanyua karatasi juu, akaiangalia kama mtu anayeangalia picha ya harusi.

"Kreni, umeona? Hii ni saini ya mtu mzito."

Alinivisha kilemba cha ukoka pale pale, na mimi nikakikaza kichwani. Alininunulia kalamu ya chuma na mashati mawili ya mikono mirefu. Akaniita Meneja wa Nyaraka. Kreni naye akaanza kunitania, "Meneja, umefanya kazi za nyumbani?"

Kazi ikawa hivi. Kila mkataba ulikuwa na mstari chini ulioandikwa: mteja amesomewa, ameelezwa, ameridhika. Na mimi natia saini kwamba nimemsomea.

Sikuwa namsomea mtu yeyote. Watu walisaini mchana, karatasi nyingine hazijajazwa kitu, na saa kumi Bosi ananiwekea rundo mezani. Juu kulikuwa na maandishi madogo madogo. Ningeweza kuyasoma, polepole, kidole chini ya neno. Sikuyasoma. Nilikuwa na haraka ya kufika chini, kwenye ule mstari.

Sasa nirudi karakana.

Fundi alikuwa amekopa ili anunue mbao. Alipata oda ya makabati kumi na mawili, akapeleka, aliyeagiza akachelewa kulipa. Kufikia siku ile, fundi alikuwa ameshamrudishia Bosi zaidi ya mara mbili ya alichopewa mkononi. Lakini siku moja alichelewa, na hesabu ikaanza upya.

Ile mashine ndiyo ilikuwa karakana yenyewe. Bila randa, alibaki na msumeno wa mkono na deni.

"Shemeji, toka," Kreni akamwambia.

"Mimi si shemeji yako," fundi akasema akiwa chini ya mashine. "Dada yako hajawahi hata kunisalimia."

Vibarua wakacheka. Kreni hakucheka.

Akachukua nyundo na patasi ya fundi mwenyewe, akaanza kuupiga mnyororo. Pigo la tatu likateleza. Patasi ikaingia kwenye paja la fundi, ikasimama pale pale kama imepigiliwa.

Fundi hakupiga kelele. Aliishika ile patasi kwa mikono yote miwili, akaichomoa mwenyewe, akaiweka pembeni, mahali pake, kwenye mstari na nyingine.

Hapo mimi nilitakiwa kusema basi. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kitu kikanipasua nyuma ya sikio. Nilidhani paa limeanguka. Kumbe ni mke wa fundi, amekuja kwa nyuma na ubao, na ubao ulikuwa na msumari. Kovu ninalo hadi leo.

"Tokeni kwa mume wangu," akasema. Alisema kwa sauti ya chini, anahema, na ubao ameunyanyua tena.

Kreni alimpiga kiganja kimoja tu. Yule mama akaenda kuangukia rundo la mbao kwa mdomo. Alipoinuka, alitema jino kwenye kiganja chake, akalitazama kama hajui ni la nani.

Fundi akaanza kujivuta aje kwake. Mnyororo ukamrudisha. Akajivuta tena, ukamrudisha.

"Nyanyua," Kreni akasema.

Tukatega mbao mbili kutoka chini mpaka kwenye pikapu, tukaanza kuisukuma mashine na mtu wake. Fundi anaburuzwa, anashika ardhi kwa kucha, vumbi la mbao linageuka jekundu. Mimi nilikuwa upande wa kushoto. Nilisukuma. Nataka nieleweke: hakuna aliyenishikia bunduki. Nilisukuma kwa bega langu hili.

Katikati, ubao mmoja ukavunjika.

Mashine ikalala upande. Fundi alikuwa chini yake, mguu wa kulia.

Sauti ile siiandiki. Nimejaribu mara nyingi, nimefuta.

Safari hii alipiga kelele. Majirani wakatoka. Kreni akachukua msumeno wa umeme wa kukatia chuma uliokuwa ukutani, akakata mnyororo kwa dakika moja. Dakika moja. Ulikuwa pale ukutani muda wote, na hakuna aliyeufikiria mpaka mtu alipovunjika.

Halafu tukapakia mashine.

Yeye tukamwacha.

Jioni ile nilikwenda darasani. Sijui kwa nini. Nilifunga kitambaa kichwani, nikakaa dawati la nyuma. Mwalimu alifundisha mpaka mwisho, wenzangu walipotoka akabaki amesimama mlangoni.

"Umefanya nini?" akauliza. Hakuuliza nimefanywa nini.

Nikamwambia yote.

"Nani alisaini kwamba huyo fundi alisomewa mkataba?"

"Mimi."

"Ulimsomea?"

"Hapana, Mwalimu."

"Wewe mwenyewe uliusoma?"

Alisubiri. Nje mtu alikuwa anafagia ukumbi, nikamsikia akifika mwisho na kuanza tena.

"Basi sijui nakufundisha nini," akasema. Akaenda kufuta ubao. Akiwa amenipa mgongo akaongeza, "Kuanzia leo, baba, ukiletewa karatasi, soma. Hata wakikupiga, soma kwanza."

Siku nne zikapita. Tukasikia fundi amekatwa mguu chini ya goti. Tukasikia mke wake, na mdomo wake uliovimba, amekwenda polisi.

Bosi akaniita ofisini saa tano asubuhi. Kreni alikuwa ameegemea mlango.

Mezani kulikuwa na karatasi moja tu.

"Saini hapa, shemeji."

Hakuwahi kuniita shemeji. Nikajua na mimi nimeshakuwa mteja.

Nilivuta karatasi, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Unafanya nini?"

"Nasoma, Bosi."

Kreni akacheka. "Anasoma kama anachambua mchele."

Nilichambua. Iliandikwa kwamba fundi alikabidhi mashine kwa hiari yake, kwamba hakuna aliyemgusa, kwamba aliumia mwenyewe kwa kuisukuma. Tarehe ilikuwa ya nyuma. Chini yake: mimi, niliyetajwa hapo juu kama mkopeshaji na mmiliki wa biashara.

Nikapandisha kidole juu kutafuta huyo aliyetajwa.

Yalikuwa majina yangu. Yote matatu. La tatu hata mimi huwa nakosea herufi. Wao hawakukosea.

"Bosi, hapa wamekosea. Mkopeshaji ni wewe."

"Hawajakosea. Ulisaini wewe mwenyewe, mwaka jana, kwenye lile rundo. Usajili, ombi la leseni, akaunti, vyote." Alisema kwa upole, kama mtu anayekupongeza. "Watu wanahangaika miaka wapate kampuni. Wewe umepewa bure."

Yule wakili alimwambia namna ya kupunguza hatari. Naye aliipunguza. Aliitoa kwake akaiweka kwangu.

"Sisaini," nikasema.

Bosi akatazama saa yake.

"Mkono wa kulia usiguse," akamwambia Kreni. "Unahitajika."

Ngumi ya kwanza iliniingia tumboni nikakaa sakafuni bila kuamua. Kisha mateke, mbavu, mgongo. Kreni hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha. Alipiga kama mtu anayekung'uta zulia. Niliona damu yangu ikitiririka hadi kwenye mguu wa kiti cha plastiki, ikazunguka, ikaendelea.

"Saini."

"Nasoma kwanza," nikasema. Nilikuwa nimeshasoma. Ndilo neno pekee nililolipata.

Akaninyanyua, akafungua droo ya pili, ile ya kadi za benki, akaweka mkono wangu wa kushoto ndani, akaipiga teke.

Nikaona weupe.

Akaifungua, akaipiga tena.

Nilikuwa nasali kwa sauti, sijui nilisema nini. Nakumbuka Bosi akisema, "Mwombe akushikie kalamu."

Mlango ukafunguliwa.

Polisi watatu, na nyuma yao mke wa fundi, mdomo umeshonwa nyuzi tatu. Nilimshukuru Mungu. Nilijua nimeokolewa.

Polisi mkubwa akafungua karatasi, akasoma majina matatu.

"Tunamtafuta huyu. Mmiliki."

Bosi alininyooshea kidole nikiwa nimening'inia kwenye droo.

"Ndiye huyu. Mimi nimempangisha chumba tu. Tena mna bahati, mmemkuta anapigana na mfanyakazi wake."

Wakatutia pingu, mimi na Kreni. Mimi mkono mmoja, wa kulia. Wa kushoto haukufungika.

Mama watoto alikuja rumande siku ya tatu. Alinitazama kupitia nondo kwa muda mrefu.

"Yaani una kampuni," akasema, "na watoto wanarudishwa kwa ada."

Nikacheka, mbavu zikaniuma, nikalia. Na yeye akalia. Akaniambia nikane kila kitu, kwa ajili ya watoto.

Mwalimu naye alikuja, na nakala za faili. Bado alikuwa na watu anaowafahamu mahakamani. Safari hii tulisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, siku tatu mfululizo. Mikataba mia mbili na kumi. Mashine, pikipiki, viwanja, nyumba mbili. Kwenye kila mmoja mnunuzi alikuwa mimi.

"Ukikana, unaweza kupata nafuu," akaniambia. "Ukikiri, unabeba yote. Hilo lazima ulijue, baba. Sitaki useme sikukuambia."

Usiku huo sikuomba nitoke. Niliomba nisiwe mjinga mara ya mia mbili na kumi na moja.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Wateja wetu walikuwa kwenye mabenchi, nikamwona mshona nguo na vidole vyake, nikamwona muuza mayai. Fundi alikaa mbele, magongo mawili ameyaegemeza kwenye goti, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini.

Bosi alikuwa ameshatoa ushahidi asubuhi. Suti mpya. Alisema yeye ni mwenye chumba, hajui mikopo, hajawahi kukopesha mtu hata sindano. Akamaliza, akaenda kukaa nyuma, mguu juu ya mguu.

Ikaja zamu yangu. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wangu.

"Wewe ndiye mkopeshaji, uliyetajwa kama mnunuzi kwenye mikataba hii?"

Mama watoto alikuwa ananitikisia kichwa: kana.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiye mimi."

Ukumbi ukanong'ona. Wakili niliyepewa na serikali akashika paji la uso.

"Saini ni zako zote?"

"Zote. Na mashine niliisukuma mimi, kwa bega hili. Naomba nihukumiwe kwa hilo." Nikashika kizimba kwa mkono mmoja. "Lakini Mheshimiwa, kama mkopeshaji ni mimi, basi hawa wote nawadai mimi peke yangu. Pesa ni zangu. Mali ni zangu."

"Endelea."

"Basi leo, mbele yako, nimewasamehe wote. Mia mbili na kumi. Hakuna ninayemdai hata senti. Mashine ya fundi irudi kwake. Nyumba zirudi, viwanja virudi, na pesa iliyoko kwenye akaunti yenye jina langu wagawiwe waliolipa kupita kiasi. Niko tayari kusaini sasa hivi."

Gongo la fundi likateleza sakafuni.

Kisha nyuma, kiti kikaburuzwa.

"Hana mamlaka hayo," Bosi akasema. Alikuwa amesimama, jasho limemlowesha kola. "Hawezi kugawa pesa za watu. Pesa ni zangu. Kila senti pale nimeitoa mimi, miaka kumi na moja. Huyu ni mbebaji tu, hata kusoma hajui."

Hakimu akaweka kalamu chini, taratibu.

"Rudia," akasema. "Pesa ni za nani?"

Bosi akatazama huku na huku. Polisi wawili walikuwa wameshasogea mlangoni.

Alifungwa miaka tisa. Kreni minne. Mimi miwili, na nilistahili.

Hakimu alieleza kwamba mikataba ile yote ilikuwa batili tangu mwanzo kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo msamaha wangu, kisheria, haukuwa na uzito wowote. Nililipenda hilo. Nilikuwa nimejiona mkubwa kidogo. Kazi pekee uliyofanya msamaha wangu ni kumwinua mtu mmoja kwenye kiti.

Nilipotoka, nilikwenda karakana. Nilisimama nje ya mlango karibu saa nzima. Mke wa fundi ndiye aliyeniona. Hakuchukua ubao. Aligeuka kuingia ndani, akaniambia, "Yupo."

Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli ndefu, anapiga msasa mlango wa kabati. Mashine ilikuwa nyuma yake, imepinda upande mmoja, haifanyi kazi.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Nikasema nilichokuja kusema.

Alimaliza kwanza kupiga msasa ubavu wote wa ule mlango.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimejaribu, mke wangu ameniombea, imeshindikana. Labda baadaye."

"Sawa, kaka."

"Inuka. Umechafua suruali." Akachomoa karatasi zilizokunjwa kutoka mfuko wa shati. "Wale wa chama cha kukopeshana wamenipa hizi nikasome nyumbani. Za kununua mota mpya. Mimi macho ya karibu yameanza kuniacha, na huyu mama ana haraka. Soma."

Kurasa tano. Nilisoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Kila mstari alinisimamisha. Hiyo asilimia ni ya mwezi au ya mwaka? Nikichelewa inakuwaje? Wanachukua nini, na nani anawaruhusu? Nisichokielewa tulikizungushia duara ili akaulize.

Ilituchukua mchana wote. Hakusaini siku ile. Wala hakunikaribisha maji.

Wewe unayekopesha watu na unatafuta namna ya kuikwepa sheria: yule wakili mwenye mkoba uliochanika alimaliza kila kitu kwa dakika kumi. Andika ukweli, msomee mtu, mpe nakala, usishike kitambulisho chake, usiguse mali yake bila mahakama. Ukiona hayo ni gharama, nenda kamuulize Bosi bei ya njia ya mkato.

Na wewe unayetia saini, kwa kukopa au kwa ajira, ukiambiwa weka tu hapo chini, jua kwamba kila kitu kiko hapo juu.

Mimi huwa naambiwa nilitumiwa, nisijilaumu sana. Watu wanasema hivyo kwa wema. Lakini naamini Mungu humsamehe mtu kwa asichokijua, na mimi nilikuwa najua kusoma.